Maswali ya Wasomaji: Kusomea Ualimu Chuo Kikuu

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wanachuo wa ualimu na kwa wanaojiandaa kuomba nafasi. Zilizofanana tumeziunganisha, na majina tumeyaacha. Ada, sifa za kujiunga na taratibu za usajili kila nchi ina zake. Hapa tumejibu yale ambayo mwalimu mtarajiwa atakumbana nayo popote anakosomea.

*Ndugu mhariri, nimemaliza sekondari na nataka kufundisha sekondari. Naona kuna shahada ya ualimu ya moja kwa moja, na kuna wengine wanasoma kwanza shahada ya hisabati au lugha kisha wanaongeza masomo ya ualimu. Nishike njia ipi? – Mwombaji*

Njia zote mbili zinafika darasani. Katika ya kwanza, somo utakalofundisha na mbinu za kulifundisha unavisoma sambamba, kwa kawaida kwa miaka 3 hadi 4. Katika ya pili unamaliza shahada ya somo, halafu unachukua stashahada ya uzamili ya ualimu, ambayo mara nyingi ni ya mwaka 1. Zipo nchi zilizokwenda mbali zaidi. Finland, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, humtaka hata mwalimu wa shule ya msingi awe na shahada ya uzamili.

Kwa mtu ambaye hana shaka kwamba ualimu ndio anaoutaka, sisi tunaegemea njia ya kwanza. Unakwenda shuleni, unashindwa jambo fulani, unarudi chuoni na swali la kweli la kumwuliza mhadhiri. Njia ya pili inakupa kina cha somo na nafasi ya kubadili mawazo, ila mwaka mmoja ni mfupi na mazoezi ya kufundisha yanabanana na mitihani.

Lakini usichague njia kabla ya kuikagua programu yenyewe. Ulizia kama inatambuliwa na mamlaka inayosajili walimu, si ile inayosimamia vyuo vikuu peke yake. Mtu anaweza kuhitimu shahada halali kabisa akakuta haimpi usajili wa kufundisha. Ulizia wiki za mazoezi ni ngapi na zimegawanywa vipi. Awamu mbili au tatu ni afadhali kuliko moja ndefu mwishoni, kwa sababu kosa la awamu ya kwanza linapata muda wa kurekebishwa. Ulizia pia kama mbinu za kufundishia zinafundishwa kwa kila somo peke yake, au wanachuo wa fizikia, historia na lugha wote wanarundikwa ukumbi mmoja kusikiliza mambo ya jumla. Mwisho, tazama mchepuo wako. Kama programu inakutaka uchukue masomo mawili, hakikisha yote mawili yana vipindi katika shule za ngazi unayoilenga. Yapo masomo yanayovutia chuoni lakini hayamo kwenye ratiba ya shule hata moja, na ukiwa na somo moja tu la kufundisha unapangiwa kazi kwa shida.

*Niko mwaka wa kwanza, masomo yangu ni hisabati na kemia. Semista hii nina saikolojia ya elimu, falsafa ya elimu na misingi ya mtaala, hesabu zenyewe kozi mbili tu. Kwa nini tusisome somo letu tukalimudu, hayo mengine tukayapata kazini? – Mwanachuo, mwaka wa kwanza*

Kwa sababu kulijua somo na kujua kulifundisha ni ujuzi wa aina mbili. Mmarekani Lee Shulman alilieleza jambo hili mwaka 1986, aliposema kwamba mwalimu anahitaji maarifa ya namna ya tatu, ambayo si ya somo tupu wala si ya mbinu tupu: kujua mada fulani inamtatiza mwanafunzi mahali gani, na ni mfano upi, mchoro upi au swali lipi litamkwamua.

Tuchukue hesabu unayoipenda. Mwanafunzi ameandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Mhandisi atamwambia amekosea, kisha atamwonyesha kigawe kidogo cha shirika. Mwanafunzi ataifuata njia hiyo leo, na wiki ijayo atarudia 2/5 yake, maana hajaona ubaya wowote katika alichofanya. Amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, kama alivyozoea kujumlisha namba nzima. Mwalimu aliyesomea kazi hii anatambua kwamba mtoto anaiona sehemu kama namba mbili zilizopandana, haioni kama kiasi kimoja. Kwa hiyo kabla ya kutaja kigawe chochote anauliza: "2/5 ni kubwa kuliko nusu, au ni ndogo?" Mtoto akilinganisha atagundua kwamba ni ndogo. "Ulianza na nusu, ukaongeza kitu. Imekuwaje umebaki na pungufu ya nusu?" Hapo ndipo kanuni inapata kazi ya kufanya.

Swali la namna hiyo halitoki kwenye kozi ya aljebra. Linatoka kwenye saikolojia inayoeleza kwamba mtoto hafiki darasani akiwa na kichwa kitupu, na kwenye mbinu za hisabati zinazoorodhesha makosa ya kawaida ya kila mada. Malalamiko yako yana haki upande mmoja tu: kozi hizo zikifundishwa kwa kukariri majina ya wanazuoni na miaka, hazina faida. Dawa yake iko mikononi mwako. Kila nadharia unayopewa, itafutie mada moja ya kemia au hisabati ambamo inabadilisha jambo katika kufundisha kwako. Usipoipata, mwulize mhadhiri kwenye semina.

*Wiki tatu zijazo tunaanza ufundishaji mdogo, yaani kufundisha wenzetu kwa dakika chache huku tukirekodiwa. Nifundishe mada gani nipate alama nzuri? – Mwenye hofu*

Mada si jambo kubwa, ndiyo maana wengi wanaanguka hapa. Utaratibu huu ulianzishwa Chuo Kikuu cha Stanford mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Dwight Allen na wenzake, na lengo lake lilikuwa kulipunguza darasa mpaka lishikike: dakika 5 hadi 10, wanafunzi wachache, na stadi moja tu ya kufanyia mazoezi. Unafundisha, unakosolewa, unarekebisha, unafundisha tena. Anayejaribu kubana kipindi cha dakika 40 ndani ya dakika 8 anaishia kuhutubia mbio mbio, na mtathmini hapati stadi ya kupima.

Kwa hiyo chagua stadi kwanza. Tuseme ni kuuliza maswali. Chukua mada ndogo ambayo swali moja zuri linaweza kuifungua, andika maswali matatu kwa ukamilifu wake, neno kwa neno, na chini ya kila swali majibu mawili unayoyategemea, moja sahihi na moja la makosa, pamoja na utakachosema kwa kila jibu. Halafu fanyia kazi kimya. Mary Budd Rowe, mtafiti wa ufundishaji wa sayansi, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wakishauliza swali kwa kawaida husubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kuingilia kati. Wakivuta hadi sekunde 3 au zaidi, majibu yanakuwa marefu, wanaojitolea kujibu wanaongezeka, na wanaoshindwa kujibu wanapungua. Kuna kimya cha pili ambacho wengi hawakijui: baada ya mwanafunzi kujibu, subiri tena kabla ya kusema "vizuri". Mara nyingi anaongeza sentensi, nayo ndiyo inayokuonyesha kama ameelewa au amebahatisha.

Sekunde 3 mbele ya kamera ni ndefu ajabu. Zihesabu kimoyomoyo. Na usimtaje wa kujibu kabla hujauliza, maana ukishamtaja mmoja wengine wote wamepumzika.

Wenzako nao waombe wasikusaidie. Wanachuo wanaojifanya wanafunzi hujibu kwa ufasaha kwa huruma, na unaondoka ukidhani umefundisha. Mpe mmoja wao, kwa siri, kazi ya kutoa jibu la makosa linalotokea kweli shuleni. Ukiangalia video yako, itazame mara ya kwanza bila sauti. Utaona unasimama upande gani muda wote na macho yako yanakwepa nani.

*Andalio langu la somo limerudishwa mara mbili. Msimamizi ameandika "malengo hayapimiki" na "shughuli haziendani na lengo". Mada ni uvukizi. Niliandika lengo: "Wanafunzi waelewe uvukizi na umuhimu wake," na shughuli: "kunakili nukuu ubaoni." Kosa liko wapi? – Mwanachuo wa mazoezi*

Kosa liko kwenye kitenzi, na kutoka hapo limeenea andalio zima. Kuelewa kunatokea kichwani mwa mtu, huwezi kukuona. Lengo linatakiwa litaje kitendo ambacho mwanafunzi atakifanya mbele yako nawe useme amekiweza au hajakiweza. Ngazi sita za kufikiri za Mmarekani Benjamin Bloom za mwaka 1956, zilizopangwa upya mwaka 2001 kuwa kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchanganua, kutathmini na kuunda, zinawachanganya wengi hapa: "kuelewa" imo kwenye orodha, basi mtu anaiandika kama ilivyo. Lile ni jina la ngazi. Kitenzi cha kuandika ni kile kinachoidhihirisha ngazi hiyo: aeleze, alinganishe, atabiri, atoe mfano wake mwenyewe.

Jaribu hivi: "Hadi mwisho wa kipindi, mwanafunzi aweze kutabiri lipi kati ya matone mawili ya maji yaliyo sawa, moja lililoachwa na jingine lililosambazwa, litakauka kwanza, na kueleza sababu kwa kutumia eneo la uso." Lengo moja la namna hiyo linatosha kwa dakika 40. Umuhimu wa uvukizi uache kwa kipindi kingine.

Sasa shughuli inajileta yenyewe. Kila kundi la wanafunzi wanne lipate kipande cha kioo au sahani laini, kifaa cha kudondoshea matone, na maji. Matone mawili yanayolingana, moja linaachwa, jingine linasambazwa kwa ukingo wa rula. Si kwa kidole, kwa sababu kidole huondoka na maji, na mwanafunzi makini atakuambia kwamba hujafanya jaribio la haki. Kabla ya kusambaza, kila mmoja aandike utabiri wake. Hatua hii wengi wanairuka kwa kuokoa muda, kumbe bila utabiri jaribio linageuka kuwa tamasha.

Muda unaweza kuugawa hivi: dakika 5 za swali la kufungua, 15 za kutabiri na kufanya jaribio, 10 za majadiliano, 6 za zoezi la mtu mmoja mmoja kwenye daftari, na 4 za kukusanya majibu na kufunga. Zile 6 usiziguse hata ukichelewa. Ndizo zinazopima lengo, na ukizila utatoka darasani hujui nani ameweza. Cha kupunguza ni majadiliano.

Kama fomu ya chuo chako haina safu ya "majibu yanayotegemewa", ichore mwenyewe. Kwa mada hii tegemea mtoto aseme maji yameingia ndani ya sahani au yamepotea kabisa. Ndiyo sababu tumependekeza kioo badala ya ubao wa meza: maji hayana pa kuingia. Kwa anayesema yamepotea, andika swali utakalomwuliza, kwa mfano namna atakavyoeleza matone yanayoonekana ndani ya mfuniko wa sufuria ya maji ya moto. Msimamizi akiona safu hiyo imejazwa hivi, anajua umewawaza wanafunzi, hukuwaza hotuba yako.

Shughuli yako ya zamani ilikuwa "kunakili nukuu ubaoni". Kunakili hakupimi kutabiri wala kueleza. Hapo ndipo palipotoka maneno ya pili ya msimamizi.

*Je, ni kosa kutumia programu za akili mnemba kuandaa masomo? – Msomaji*

Tazama kanuni za chuo chako kwanza. Mahali pengine ni ruhusa kwa sharti la kutaja, pengine ni udanganyifu. Ukiruhusiwa, itumie kukuletea mifano mingi ya maswali au makosa ya kawaida ya mada, kisha uchuje mwenyewe. Kuandika andalio zima ni mahali inapofanya vibaya, kwa kuwa haijui darasa lako limeishia wapi wala lina wanafunzi wangapi. Hupenda pia kujaza shughuli saba ndani ya dakika 40. Kila ukweli uliomo uhakiki kwenye kitabu, na usiingize humo majina wala alama za wanafunzi.

*Mwezi ujao naenda mazoezi ya kufundisha kwa wiki 8. Nijiandae vipi, na nifanyeje darasa likinishinda kwa kelele? – Mwanachuo, mwaka wa pili*

Nenda shuleni kabla ya siku ya kuripoti kama unaruhusiwa, na usiondoke bila kujua vitu hivi: darasa limeishia mada gani, kitabu kipi kinatumika na kinatosha wanafunzi wangapi, ratiba ya vipindi vyako, idadi ya wanafunzi kwa kila mkondo, na kanuni za nidhamu za shule. Hilo la kwanza lihakikishe kwenye madaftari ya wanafunzi wawili watatu, usitegemee kumbukumbu za kazi, yaani rekodi ya mada ambazo mwalimu ameandika kuwa zimefundishwa, peke yake. Azimio la kazi, yaani mpango wa mada za muhula, linaweza kusema mada ya tano huku wanafunzi wako ya tatu, na mwanachuo anayeanzia ya tano anapoteza darasa siku ya kwanza.

Omba siku chache za kukaa nyuma na kutazama. Ukitazama usiandike "mwalimu anafundisha vizuri". Andika anaanzaje kipindi, anawanyamazishaje, anarudishaje madaftari. Wanafunzi wanaujua utaratibu huo, nawe ukiufuata wiki ya kwanza unapata utulivu ambao si wa kwako bado. Chora ramani ya viti yenye majina, uiweke mezani. Kumwita mtoto kwa jina ni tofauti kabisa na kumwita "wewe wa pale".

Kuhusu kelele, nyingi hazitokani na utundu. Zinatokana na maelekezo. Mwalimu mgeni hugawa karatasi kwanza, kisha anaanza kueleza cha kufanya, na kufikia hapo kila mtu anaishughulikia karatasi yake, hakuna anayesikiliza. Anapaza sauti, wao wanapaza zaidi. Geuza mpangilio. Kwanza kimya, vifaa vikiwa bado mezani kwako. Kisha sema kazi ni nini, inafanywa na nani na nani, kwa dakika ngapi, na anayemaliza mapema afanye nini. Mwombe mwanafunzi mmoja ayarudie maelekezo kwa maneno yake. Akikosea, ujue nusu ya darasa lingekosea. Hapo ndipo ugawe. Hilo la "anayemaliza mapema" ndilo linalosahauliwa zaidi, na kelele za dakika ya kumi zinatoka kwa waliomaliza dakika ya saba.

Kelele zikizuka hata hivyo, usizungumze juu yake. Nyamaza, simama mahali pamoja panapoonekana, subiri. Kisha sogea karibu na chanzo badala ya kukiita kutoka mbele. Usitishie adhabu usiyo na mamlaka ya kuitoa. Mwanachuo wa mazoezi hana nyingi, na wanafunzi wanalijua hilo kabla yako. Kwa jambo zito mwone mwalimu mlezi, yaani mwalimu wa shule uliyekabidhiwa kwake, siku hiyo hiyo, usilifiche kwa kuogopa kuonekana dhaifu.

Ubao ugawe sehemu tatu. Kushoto tarehe, mada na maneno mapya, vinavyobaki kipindi chote. Katikati kiini cha somo. Kulia mahali pa kukokotoa na kuchorachora, unapofuta utakavyo. Siku ya kwanza andika mstari mmoja kisha tembea hadi nyuma kabisa uusome mwenyewe. Ukiandika, simama upande, na usizungumze huku umewapa mgongo: sauti inaishia ukutani.

Jalada lako liwe darasani kila kipindi: azimio la kazi, maandalio, nukuu za somo, kumbukumbu za kazi, mahudhurio na orodha ya alama. Mtathmini anaweza kuja bila taarifa, na jambo analolifanya kabla hujamaliza salamu ni kufunua jalada kuona kama andalio la leo linafuatana na la jana. Ukiwa umechelewa mada, usibadilishe tarehe. Andika chini ya andalio la jana kilichokwama, kwa nini, na umehamishia wapi. "Somo limefanikiwa" chini ya maandalio 20 mfululizo humshtua mtathmini kuliko kukiri kwamba wanafunzi 14 hawakuweza zoezi.

*Tumeambiwa tuchambue mtihani tulioutunga shuleni, tutafute ugumu wa kila swali na uwezo wake wa kutofautisha. Mhadhiri ameandika kanuni, sikuelewa kitu. – Mwanachuo, mwaka wa tatu*

Hesabu yake ni ya kujumlisha na kugawanya tu. Panga karatasi zote kuanzia alama ya juu hadi ya chini. Chukua asilimia 27 za juu na asilimia 27 za chini. Za katikati ziweke kando. Kwa darasa la 40, asilimia 27 ni 10.8, basi chukua 11 na 11.

Sasa swali namba 6. Katika kundi la juu wamelipata 9, katika kundi la chini wamelipata 4. Kiwango cha ugumu ni waliopata wote kugawanywa kwa wote waliohesabiwa: 13 kwa 22, yaani 0.59. Kadiri namba inavyokaribia 1 ndivyo swali lilivyo jepesi, jina lake lisikudanganye. Uwezo wa kutofautisha, yaani kuwatenga wanaoliweza somo na wasioliweza, ni tofauti ya makundi kugawanywa kwa idadi ya kundi moja: 9 toa 4 ni 5, kwa 11 ni 0.45. Swali lenye 0.4 kwenda juu huhesabiwa kuwa zuri sana. Chini ya 0.2 lifanyie marekebisho au litupe.

Ukipata namba hasi, simama hapo. Maana yake waliofanya vibaya mtihani mzima wamelipata swali hilo kuliko waliofanya vizuri. Kagua kwanza jibu ulilolisahihishia. Mara nyingi mtunzi aliweka jibu lisilo sahihi kwenye mwongozo. Kama mwongozo uko sawa, soma upya swali: pengine lina majibu mawili yanayokubalika, na wanafunzi wanaofikiri kwa kina wakachagua lile la pili. Kwa maswali ya kuchagua, hesabu pia kila jibu la makosa limechaguliwa na wangapi. Lisilochaguliwa na yeyote halifanyi kazi, limejaza nafasi tu.

Tahadhari moja: kwa darasa dogo namba hizi zinayumba. Mwanafunzi mmoja akibadili jibu, 0.45 yako inakuwa 0.36 au 0.55. Zitumie kama ishara ya swali la kukaguliwa, usizichukue kama hukumu. Na swali jepesi ambalo wote wamelipata si lazima liondolewe. Kama linapima jambo ambalo kila mtu alipaswa kuliweza, limekupa habari njema.

*Utafiti wa mwaka wa mwisho: nimependekeza "Sababu za wanafunzi kufeli hisabati", mhadhiri kakataa. – Mwanachuo wa mwisho*

Amekataa kwa sababu huwezi kuumaliza. Punguza mpaka ubaki na darasa moja, tatizo moja na kitu kimoja utakachokibadilisha. Kwa mfano: je, wanafunzi wa darasa hili wakiandika utabiri kabla ya kukokotoa, makosa ya kujumlisha sehemu yanapungua? Huo ni utafiti wa kiutendaji, ambao mwanasaikolojia Kurt Lewin aliueleza mwaka 1946: unapanga, unatenda, unatazama, unatafakari, kisha unazunguka tena. Chukua kipimo kabla na baada, tunza kazi za wanafunzi kama ushahidi, na usidai kwamba umethibitisha jambo kwa shule zote. Kibali cha chuo, cha mkuu wa shule na ridhaa ya wazazi vianze kuombwa kabla hujaandika sura ya kwanza; vibali ndivyo vinavyochelewesha wengi.

*Baada ya vipindi vinne sauti yangu inakwisha. – Mwanamazoezi*

Maji, kidogo kidogo kila kipindi, usisubiri kiu. Usishindane na kelele kwa koo: tumia ishara ya kimya mliyokubaliana na darasa, kama mkono juu au kugonga meza mara mbili, na uwafuate wanafunzi walipo badala ya kupiga kelele kutoka mbele. Kunong'ona hakupumzishi sauti, zungumza kawaida au nyamaza. Usikohoe kusafisha koo kila mara, meza mate au funda la maji. Panga andalio lako vipindi vya baadaye viwe na kazi ya makundi au ya daftari nyingi zaidi. Sauti ikibaki imekwaruza kwa zaidi ya wiki 3, mwone daktari.